Babu alipolala Kibong'oto

Samahanini kwa ukimya. Najua wengine mmekuwa mkipita hapa na kukuta makala ileile ya miezi iliyopita, mkadhani nimefulia au nimeoa. Sijaoa. Kufulia ni habari ya kudumu, haihitaji tangazo.

Nilikuwa naumwa. Na kwa kuwa nimekuwa nikiwasema sana watu wanaoficha magonjwa yao, leo nautaja wangu kwa jina: kifua kikuu. TB. Kilianza kama mafua ya kawaida ya Arusha wakati wa baridi, nikajitibu kwa tangawizi na dawa za duka la jirani. Wiki ya sita nikaona damu kidogo kwenye leso. Makohozi yakapimwa, majibu yakatoka, nikaanza dawa: miezi miwili ya vidonge vyenye dawa nne, kisha miezi minne ya dawa mbili. Mkojo ukawa rangi ya chungwa. Hilo hakuna aliyenionya mapema, nikadhani nakufa.

Wiki ya tatu ya dawa homa iliondoka, jasho la usiku likakoma, hamu ya kula ikarudi. Basi bwana, nikafanya wanachofanya wajanja wote wa mjini: nikarudi kazini. Muuguzi alikuwa ameniambia nisubiri. Lakini mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa stori. Hakuna stori, hakuna hela. Siku ya nne nilikuwa napanda ngazi kwenda kwenye mkutano na waandishi, ghorofa ya tatu tu, nikajikuta nimekaa chini katikati ya ngazi na sijui nimekaaje. Mlinzi akaniletea maji. Wenzangu walinipita na kamera zao wakidhani nasubiri mtu.

Mama alipopata habari alisema neno moja: Nduruma.

Kwa wasiopajua, Nduruma ni tambarare unayoikuta ukiacha barabara ya Arusha–Moshi na kushuka kusini, Mlima Meru ukiwa mgongoni kwako. Mto wenye jina hilohilo unateremka kutoka mlimani, na watu wa huku wanaishi kwa mifereji: mahindi, maharage, nyanya, vitunguu. Yapo pia mashamba makubwa ya maua na mboga za kupelekwa Ulaya, nayo yanakunywa maji ya mto uleule. Asubuhi isiyo na mawingu unaiona Kilimanjaro upande wa mashariki kama vile mtu ameitundika ukutani. Bibi yangu anaishi huku. Sisi ni Waarusha, bibi tunamwita Koko.

Koko alinipokea, akanitazama mbavu, akaweka kiti chini ya mwarobaini na kusema, "Hapa ndipo utakaa. Babu yako alikaa zaidi ya mwaka mzima, wewe huwezi kukaa miezi miwili?"

Nikauliza babu alikaa wapi.

"Kibong'oto. Alilala kule mpaka akanenepa."

Nimekuwa mwandishi kwa miaka sita, na sikuwahi kujua kwamba babu yangu mzazi aliwahi kuugua TB. Ndiyo maana leo nawaletea historia badala ya siasa. Nilikuwa na kiti, kivuli, simu yenye intaneti inayokatika, na bibi mwenye kumbukumbu. Mtu atake nini zaidi?

Kibong'oto iko Sanya Juu, wilaya ya Siha, upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Kutoka huku unaenda mpaka Bomang'ombe, kisha unapinda kushoto na kuanza kupanda kuelekea kwenye baridi. Kwetu mtu akisema fulani kapelekwa Kibong'oto, hakuna anayeuliza anaumwa nini. Leo ni hospitali maalumu ya magonjwa ya kuambukiza, lakini ilianzishwa mwaka 1926, wakati wa Waingereza, kama mahali pa kuwatenga na kuwapumzisha wagonjwa wa TB. Hebu ufikirie kidogo mwaka huo. Robert Koch alitangaza kwamba amemwona mdudu wa TB tarehe 24 Machi 1882. Dawa ya kwanza yenye uwezo wa kumuua, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943 kule Marekani. Kwa hiyo Kibong'oto ilifunguliwa katikati ya pengo hilo, wakati dunia nzima ilimjua adui kwa sura na haikuwa na cha kumfanya. Kwa miaka yake ya mwanzo, wagonjwa waliokwea kule hawakufuata dawa, maana haikuwepo popote. Walifuata hewa, chakula na kulala.

Wazo lenyewe lilitoka Ujerumani. Katika miaka ya 1850 daktari mmoja, Hermann Brehmer, alifungua nyumba ya wagonjwa wa kifua kwenye kijiji cha milimani kilichoitwa Görbersdorf, ambacho leo kiko Poland. Brehmer aliamini hewa ya mlimani inaponya, na wagonjwa wake aliwatembeza vilimani. Mmoja wa waliotibiwa kwake alikuwa daktari mwenzake, Peter Dettweiler, na huyu alipofungua ya kwake Falkenstein mwaka 1876 aligeuza kibao: wagonjwa walale. Walale nje kwenye varanda, kwenye viti virefu, wamefunikwa mablanketi, saa nyingi kwa siku, mvua au theluji. Mtindo huo ukasambaa. Davos kule Uswisi ikawa mji wa watu waliolala. Hospitali za namna hiyo zikaitwa sanatoria, zikaota kila mahali palipokuwa na mlima na Mzungu mwenye kikohozi. Wajerumani waliotutawala nao walijenga moja Wugiri, huko Usambara, ili Wazungu wenzao wapate pa kujinyosha baada ya homa za pwani. Kwa hiyo milima yetu ilishaanza kupumzisha watu kabla ya Kibong'oto. Ila haikuwa inatupumzisha sisi.

Walilichukulia wazo hili kwa uzito kiasi cha kuchekesha, kama lisingekuwa la kusikitisha. Walijiambia kama mwili unapona kwa kupumzika, basi pafu lenyewe nalo lipumzike. Mtaliano Carlo Forlanini alianzisha utaratibu wa kuchoma sindano ubavuni na kuingiza hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua, ili pafu linywee na kutulia. Wengine waling'olewa mbavu kadhaa ili kifua kibonyee na pafu lisipate tena nafasi ya kutanuka. Watu walifanyiwa hayo katika nchi tajiri kabisa, na madaktari waliosoma kabisa. Nilipomsomea Koko habari hii alinyamaza, kisha akauliza kama yule mtu wa mbavu alikuwa bado anaweza kuchunga.

Sasa tuje kwa babu. Koko anasema ilikuwa mwaka wa uhuru au uliofuata. Alikuwa msichana tu, ameolewa karibuni, ana mtoto mgongoni ambaye ndiye shangazi yangu mkubwa. Babu alikohoa msimu mzima, akakonda, wakamtibu kwa mitishamba, mwisho akapelekwa Kibong'oto na hakurudi kwa zaidi ya mwaka. Koko alimtembelea mara mbili. Anakumbuka baridi, uji wa maziwa, na wanaume wazima waliolala mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani mwake. "Niliona aibu kwa niaba yao," anasema.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana, na ubishi wetu uliendelea karibu wiki nzima.

Nilimwambia: Koko, babu hakuponywa na kulala. Wakati ule dawa zilishakuwepo. Alichomwa sindano, sivyo? Akakubali, sindano zilikuwa nyingi, na vidonge. Basi, nikasema, hizo ndizo zilizomponya. Nikamweleza kuhusu utafiti uliofanyika India, mji wa Madras, ambao siku hizi unaitwa Chennai. Ulianza mwaka 1956. Walichukua wagonjwa karibu 200 wa TB, watu maskini wa mjini, wakawagawa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja likalazwa sanatoria mwaka mzima, likala vizuri na kupumzika. Fungu la pili likabaki nyumbani, kwenye vyumba vilivyosongamana, chakula cha kubahatisha, wengi wakirudi kwenye kazi zao mapema. Wote wakapewa dawa zilezile. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1959 watu wa sanatoria hawakuamini: wa nyumbani walipona karibu sawasawa na wa kitandani. Baadaye ikaonekana hata ndugu waliokaa nao nyumba moja hawakuambukizwa zaidi kwa sababu ya mgonjwa kutibiwa nyumbani. Karne nzima ya viti virefu na mablanketi ikaisha hivyo. Katika nchi nyingi sanatoria zilifungwa moja baada ya nyingine, nyingine zikageuzwa hoteli.

Afrika Mashariki nayo ilitoa mchango wake. Tangu mwaka 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishiriki, pamoja na Waingereza, katika majaribio yaliyoonyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka au mwaka na nusu, dawa ya rifampisini ikiongezwa. Miezi 6 hii ninayoimeza, sehemu ya ushahidi wake ilitoka kwenye makohozi ya watu wa kwetu. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kudhibiti TB na ukoma, na hapa akaingia mtu ambaye angestahili walau mtaa mmoja wenye jina lake: Karel Styblo, daktari kutoka Czechoslovakia. Aliugua TB alipokuwa kwenye kambi ya wafungwa ya Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akapona, akatumia maisha yake yaliyobaki kupambana nayo. Akishirikiana na Watanzania alijenga mfumo wa kawaida sana: pima makohozi kwa hadubini, mpe mgonjwa dawa ukimwona anameza, andika kwenye rejista, hesabu kila robo mwaka nani kapona na nani kapotea. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuueneza duniani. Rejista za vituo vyetu vya afya zikawa mfano kwa mabara mengine. Mambo kama haya hatufundishwi shuleni, tunakariri tu urefu wa mto Mississippi.

Koko alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Dawa iliua mdudu. Mwili alirudishiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Jaribuni na nyie.

Maana nimezisoma tena habari za Madras, na nilichokuwa nimekikwepa ni hiki: utafiti ule ulihesabu wadudu. Uliuliza kama makohozi yamekuwa safi na picha ya kifua imekuwa nzuri, na hayo ndiyo yaliyopaswa kuulizwa wakati ule, kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Lakini mtu ambaye makohozi yake ni safi anaweza bado kushindwa kupanda ngazi. Mimi ni shahidi. Ilichukua muda mrefu sana kwa wataalamu wenyewe kukaa chini na kulizungumza hili: mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu maisha baada ya TB, makovu ya mapafu, pumzi fupi, nguvu zisizorudi, ulifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2019. Ni zaidi ya miaka 130 tangu Koch amwone mdudu wake.

Kilichopotea sanatoria zilipofungwa hakikuwa kulala kwenyewe. Kulala kupita kiasi kuna ubaya wake; mwaka 1947 daktari wa Kiingereza, Richard Asher, aliandika makala maarufu kuhusu hatari za kulaza wagonjwa vitandani, misuli ikinywea na damu ikiganda miguuni. Kilichopotea ni ule utaratibu wa kumrudisha mtu kwenye nguvu zake hatua kwa hatua, chini ya macho ya mtu mwingine. Katika sanatoria ya Frimley, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1905, daktari Marcus Paterson alikuwa na ngazi yake ya kazi. Unaanza kwa kutembea mwendo mfupi, unaongezewa mpaka unafikia kama kilomita 16 kwa siku. Kisha unabeba vikapu vya udongo. Kisha sepetu ndogo, halafu kubwa, mwisho sururu. Joto likipanda, unarudishwa kitandani. Nadharia yake kuhusu kwa nini ilisaidia ilikuwa ya makosa, lakini ile ngazi!

Nasema hivyo kwa sababu Koko anayo ngazi hiyohiyo, na hajawahi kusikia jina la Frimley. Wiki ya kwanza nilikaa. Wiki ya pili nikapewa sinia la maharage nichambue mawe. Wiki ya tatu nikaruhusiwa kufagia uwanja, nusu asubuhi na nusu jioni. Wiki ya nne kutembea mpaka kwenye mfereji na kurudi. Nilipojaribu kubeba ndoo alinifokea mbele ya wajukuu wadogo, wakanicheka.

Alijifunza wapi? Anasema kwa babu, na babu alifundishwa na wazee wake kule orpul.

Orpul wengi wa rika langu tunaijua kwa hadithi tu. Ni kambi ya nyama. Kwa Wamasai, na kwetu Waarusha, watu wachache, kwa desturi wanaume na hasa morani, huondoka bomani na kwenda porini kwenye kivuli na maji, na ng'ombe wa kuchinja. Wanakaa siku kadhaa, pengine wiki kadhaa. Wanakula nyama, wanakunywa supu iliyochemshwa kwa mizizi na magome, okiloriti na mengineyo, wanalala. Morani walikwenda kujijenga, lakini mtu aliyetoka kwenye ugonjwa mrefu naye alipelekwa, na wenzake wakaenda naye. Hapelekwi na kuachwa. Mmoja anachota maji, mwingine anageuza nyama, mwingine anakesha na moto. Nyumbani ng'ombe wake wanachungwa na ndugu.

Babu aliporudi kutoka Kibong'oto, amenenepa lakini hana nguvu, kaka yake mkubwa alitoa dume na wakampeleka orpul. Kwa hiyo mzee wangu alipumzishwa mara mbili, mara moja na serikali na mara ya pili na ukoo. Ukiziweka pembeni sindano na mizizi, hata mpangilio unafanana: mtoe mtu nyumbani, mpeleke penye kivuli na hewa, mlishe, mzuie kufanya kazi. Kule Marekani daktari Edward Trudeau, mgonjwa wa TB yeye mwenyewe, alilijaribu jambo la namna hii kwa sungura katika miaka ya 1880. Aliwaambukiza, wengine akawafungia mahali penye giza na unyevu na chakula kidogo, wengine akawaachia huru kwenye kisiwa wale wanavyotaka. Wa kisiwani wanne kati ya watano walipona, wa gizani wanne kati ya watano wakafa. Angalieni hapo: sungura wa kisiwani hawakulala. Walikimbia walivyopenda. Wasichokuwa nacho ni mtu wa kuwadai kitu.

Nikamuuliza Koko, na wewe? Uliwahi kwenda orpul?

Akacheka mpaka akakohoa, nikaogopa. "Mimi? Mwanamke? Mimi nilipumzika nilipojifungua." Mama mzazi huku anakaa ndani miezi, analishwa, hagusi jembe, pwani wana arobaini yao, kwetu hivyo hivyo kwa namna yetu. Watoto saba, mapumziko saba. Malaria ameugua asiyoweza kuihesabu, na kila mara aliamka siku ya pili kukamua ng'ombe. Mwaka ule babu yuko Kibong'oto ni yeye aliyelima, mtoto mgongoni. Na ni yeye aliyesimama kwenye zamu ya maji.

Zamu ya maji niwaeleze, maana hapa ndipo niliposhikwa na haya. Maji ya mfereji hugawanywa kwa saa. Kamati ya mfereji inakupa siku yako na saa zako, na saa za mkulima mdogo mara nyingi zinaangukia usiku. Unakwenda na tochi na jembe, unafungua, unaelekeza, unalinda asije mtu wa juu akayaziba. Ukikosa zamu yako kiangazi hiki, mahindi hayakusubiri mpaka upone. Na ukikosa mara kwa mara, watu wanaanza kuuliza kama shamba lile lina mwenyewe. Zaidi ya mwaka mzima Koko alikwenda usiku, binti wa miaka kama 18, fisi wakilia, ili mume wake aweze kulala mchana kwenye baridi ya Sanya Juu. Kwenye historia yoyote ya Kibong'oto hamtamkuta.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Siyo mbaya hata kidogo. Siku 126 ni zaidi ya miezi minne, ukiwa na TB unamaliza miezi miwili migumu ya kwanza na unabakiwa na akiba. Lakini mwajiriwa ni nani katika mji huu? Si mimi ninayelipwa kwa stori. Si dereva wa bodaboda wala mama wa genge la nyanya Tengeru. Mashariki ya hapa tunapokaa, siyo mbali, kuna Mirerani na tanzanite yake. Vijana wa mashimoni, wana-apolo, wengi hawana mshahara kabisa. Wanalishwa, wanachimba kwenye vumbi linalokula mapafu na kuikaribisha TB, na wanasubiri mawe yatoke ili wagawiwe fungu lao. Mwambie kijana huyo apande juu akapumzike miezi miwili. Mawe yakitoka wiki ijayo yeye yuko kitandani, fungu lake litakwenda kwa aliyeko shimoni. Atakaa palepale, atakohoa palepale.

Zamani angalau miezi miwili ile ya kwanza wagonjwa wetu wengi waliimalizia wodini, kwa sababu mfumo wa Styblo ulitaka waonekane wakimeza. Tangu mwaka 2006 Tanzania ilianza kumruhusu mgonjwa ameze dawa nyumbani, chini ya uangalizi wa mtu anayemchagua mwenyewe. Ni hatua nzuri na mimi nimefaidika nayo. Koko ndiye msimamizi wangu, ananikodolea macho kila asubuhi mpaka nimeze. Wodi zilibaki kwa wenye hali mbaya na wenye TB sugu, ambayo Kibong'oto ilianza kuitibu mwaka 2009, wakati matibabu yake yalizidi mwaka na nusu. Siku hizi zipo dawa za miezi 6 hata kwa hiyo, Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2022. Kila hatua muda unafupishwa, na kila hatua naishangilia kwa dhati. Ila nimegundua kwamba wodi, pamoja na uchovu wake wote, ilimpa maskini kisingizio. Mtu aliyelazwa hakuna anayemuuliza kwa nini hajaja. Mtu aliyeko nyumbani na vidonge mfukoni, hana homa, anatembea, anaulizwa kila siku.

Mhariri wangu ameniuliza mara tatu wiki hii. Simlaumu, gazeti halijijazi lenyewe.

Kuhusu babu, alirudi kwenye jembe msimu uliofuata, akaishi miaka mingi, akazaa wengine sita, akafa kwa uzee na si kwa kifua. Nilimuuliza Koko kama aliwahi kumshukuru kwa zile zamu za usiku. Alifikiri muda mrefu. Akasema hapana, ila tangu aliporudi hakumruhusu tena aende mferejini usiku, hata mara moja, hata alipokuwa mzee na magoti yanamuuma. Kisha akaniambia sinia la maharage linanisubiri.

Nimeongeza kilo nne. Zimebaki saba kufika nilipokuwa. Ijumaa saa nane usiku ni zamu yetu ya maji, na binamu yangu ameshasema atakwenda yeye kama alivyokwenda wiki zote hizi bila mimi hata kujua. Niliomba kumsindikiza. Baada ya majadiliano marefu nimeruhusiwa kushika tochi, nikiwa nimekaa, nikiwa na koti. Jembe nikiligusa, Koko amesema atampigia simu mama.